Nahamia shamba lisilo na umeme na familia yangu, naombeni ushauri wa mbegu na uhifadhi

Mwana wa Mbwemkuru:
Wakuu, heshima kwenu. Jambo hili nimeliwaza muda mrefu na sasa usingizi umekata.

Huu mji siuoni ukifika miaka mia ijayo. Maji tunanunua kwa dumu, unga unatoka mkoa mwingine, umeme ukikatika siku mbili kila kitu kinasimama. Aprili 2024 Rufiji ilimeza mashamba ya watu, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikafuata. Mwaka kesho siuogopi. Nawawazia watakaozaliwa maghorofa haya yakiwa yameota miti juu, hakuna serikali ya kuleta mahindi ya msaada. Hao nataka niwaachie mahali ambapo ardhi inawalisha nao hawaimalizi.

Nimepata eneo kusini, ndani ndani, lina kijito kisichokauka na miti ya asili. Naomba kujua mbegu za kupanda bila kurudi dukani kila msimu, nafaka zinahifadhiwaje bila dawa, na vitu vya baridi vinawekwaje bila friji. Hili la baridi naomba anijibu mwenye uzoefu kabisa. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Mtama:
Karibu kwenye maisha. Achana na mahindi chotara, ukirudishia mbegu zake mwaka wa pili unavuna kidogo tu. Chukua mtama, kunde, mbaazi na mihogo kwa wenyeji wa hukohuko, mbegu iliyokwisha kuzoea udongo ule. Masuke ya mbegu yatundike darini juu ya moto wa jikoni, moshi unafukuza dumuzi. Kunde zichanganye na majivu makavu yaliyochekechwa.

Mihogo michungu usiifanyie haraka. Loweka, anika, ndipo utwange. Tarime miaka ya 1980, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa sababu njaa iliwafanya waruke hatua hizo.

Kipanga wa Kibosho:
Mkuu, ukifika huko nitunzie dumu la asali. Ila kwa nini uende mbali? Babu yangu alikuwa na kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, chini ya Kilimanjaro: juu miti mirefu, chini yake migomba, kisha kahawa, chini kabisa magimbi, na mfongo, yaani mfereji wa maji, unapita kwa zamu. Siku ya zamu yetu alikuwa akiamka alfajiri na jembe kufungua tope kwenye mdomo wa mfongo, jirani wa chini amesimama anaangalia jua, muda wake ukifika babu anafunga bila kuambiwa. Ndugu wamegawana kile kihamba mpaka sasa ni viwanja vya nyumba. Roho inaniuma sana.

Binti wa Kilwa:
Kaka, unaongelea kusini kama hapajawahi kupatwa na kiama. Wakati wa vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907, Wajerumani walichoma maghala na mashamba. Wanahistoria wanakadiria waliokufa ni 250,000 hadi 300,000, wengi kwa njaa. Vijiji vikageuka pori, ndorobo, wale nzi wa malale, wakaenea, tembo wakarudi. Miaka ya 1940 Waingereza nao wakawahamisha Wangindo kwa sababu ya malale, na sehemu kubwa ya ardhi yao ikaingizwa kwenye hifadhi ya Selous. Hilo pori tunaloliita asilia, mababu zetu walikuwa wakilima humo.

Waliopona walikula ming'oko na mizizi mingine ya porini, maana walijua inaota wapi na nani wa kumuuliza. Wewe huko una mtu wa kumuuliza?

Nesi wa Zamu:
Mleta mada, umeuliza mambo matatu na hilo la baridi ndilo umelisisitizia. Nyama inakaushwa, maziwa yanagandishwa, samaki anabanikwa. Ni kitu gani lazima kiwe baridi?

Mwana wa Mbwemkuru:
Ahsanteni wote. Mzee wa Mtama, Mungu akubariki. Dada Nesi, ni vitu vya kawaida tu vya nyumbani.

Nesi wa Zamu:
Kaka, ni dawa?

Mwana wa Mbwemkuru:
Sawa. Ni insulini. Mwanangu wa kwanza ana kisukari cha utotoni, yuko darasa la sita.

Kabla hamjanirukia, sikusema tutaacha sindano. Nitabeba akiba. Halafu akiwa shamba kwa bibi yake anakuwa na nafuu kubwa, anatembea, anakula mtama na mboga, dozi yenyewe inapungua. Kuna mzee ananiambia mlonge unasaidia. Nusu ya hela ya eneo nimeshalipa na kodi ya nyumba inaisha mwezi huu. Ndiyo maana nimeomba ushauri wa kuhifadhi, sijauliza kama niende.

Nesi wa Zamu:
Nakujibu kwa upendo, na nitasema yote. Dozi kupungua akitembea na kula vizuri ni kweli. Ila dozi kupungua ni kitu kimoja na dozi kuisha ni kingine. Mwili wa mtoto wa aina hii hautengenezi insulini. Mlonge mpe kama mboga, nafasi ya sindano hauwezi kuishika. Kabla ya insulini kupatikana Toronto mwaka 1921, watoto hawa waliwekwa kwenye mlo wa njaa ili wasogezewe muda kidogo tu, na hao walikuwa kwenye hospitali kubwa.

Sasa baridi. Kichupa kisichofunguliwa kinataka nyuzi 2 hadi 8 na kisigande. Kilichofunguliwa, wiki nne hivi mahali pasipo na jua. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga mbichi, kinapoza vizuri penye hewa kavu. Wakati wa masika hewa ikiwa nzito hakikusaidii sana. Hakifiki nyuzi 8, ila kinavunja joto. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) na Chuo Kikuu cha Geneva walipima joto la nyumba za kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, Kenya, linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakakuta insulini inabaki na nguvu yake kwa wiki nne. Hizo ni wiki nne, kaka. Akiba ya mwaka haikai kwenye chungu.

Fundi Redio:
Shanghai, wakati wa Vita vya Pili, Eva Saxl alikuwa na ugonjwa huohuo. Wajapani walipofunga maduka ya dawa, yeye na mumewe Victor walitengeneza insulini wenyewe kutoka kwenye kongosho za nyati-maji. Ilitoka ya rangi ya kahawia, wakaijaribu kwanza kwa sungura. Ikamwokoa yeye na wagonjwa zaidi ya 400. Inawezekana!

Nesi wa Zamu:
Walikuwa na maabara ya kuazima, kitabu cha tiba, machinjio na jiji zima nyuma yao. Usimpe baba wa mtoto matumaini hayo.

Mpita Njia:
Jamani hii ni chai. Kijito kisichokauka, tembo, kiama, mtoto mgonjwa, insulini ya nyati. Huyu anaandika riwaya ya dunia ya miaka mia tatu ijayo, anatuvuna mawazo. Nani anahama leo kwa ajili ya watu wa mwaka 2300?

Kipanga wa Kibosho:
Hata mimi nimeanza kushtuka. Mleta mada, tembo hujawataja, ametaja Binti wa Kilwa. Je, wapo?

Binti wa Kilwa:
Na iwe riwaya. Babu anayepanda mwembe anapandia watu wa lini? Niliyoyaandika kuhusu njaa ni ya bibi zangu, siyafuti.

Mwana wa Mbwemkuru:
Mpita Njia, insulini ya mwanangu ni ile yenye ukungu. Huitikisi, unaiviringisha kati ya viganja mpaka ichanganyike, na akiwa amechoka anapenda kuiviringisha mwenyewe. Shuka likilowa jasho saa nane usiku najua sukari imeshuka, namwamsha kwa maji ya sukari kijiko kimojakimoja. Riwaya siijui. Nawaza watu wa mwaka 2300 kwa sababu nataka mwanangu awe babu yao.

Eneo liko Liwale. Tembo wapo, wanapita msimu wa mavuno. Eneo silirudishi.

Nesi wa Zamu:
Basi usilirudishe. Mama na mtoto wabaki penye kliniki mpaka uwe na majibu, wewe tangulia ulime. Nenda zahanati iliyo karibu na kijiji hicho, uliza kama wana friji ya chanjo ya sola na kama mganga mfawidhi atakubali kukuwekea vichupa. Uliza pia hospitali ya wilaya wanaletewa insulini mara ngapi, na masika barabara inajifunga kwa muda gani. Hayo yaulize kabla ya mbegu.

Mwana wa Mbwemkuru:
Mama yake amesoma hapa, ameshika upande wako. Kesho nampigia mwenyekiti wa kijiji kuhusu hiyo friji. Mtoto atamaliza mwaka wa shule hukuhuku, mimi naenda kuwahi mvua. Sasa nani anajua habari ya tembo?

Mzee wa Mtama:
Weka nyuki. Sagalla kule Taita, Kenya, wakulima wamezungushia mashamba mizinga, kila mita 10, mmoja wa kweli na mmoja wa bandia kwa kupokezana, yote imeunganishwa kwa waya mmoja. Tembo akigusa waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka. Uanze upande wanaoingilia, na mizinga itundike kivulini.