Ted Mosby tumwamini kuhusu Barney na Robin?

Nyar Kondele, Kisumu
Nimemaliza How I Met Your Mother, kile kipindi cha vichekesho cha TV cha Marekani, hadi msimu wa 9, na sasa nina kesi na Ted, msimulizi wake. Karibu kila tunachojua kuhusu rafiki yake Barney tumeambiwa na mtu aliyekuwa akimtaka Robin, mke wa Barney.

Ni mwaka 2030. Baba amewakalisha watoto kwenye kochi, eti awaeleze alivyokutana na mama yao. Mama mwenyewe, Tracy, alifariki 2024 na hata kwenye hadithi yake anaonekana kidogo kidogo tu. Shangazi Robin yumo tangu siku ya kwanza, pamoja na ile tarumbeta ya buluu ambayo Ted alimwibia mgahawani. Mwishowe watoto wanamwambia wazi: baba, wewe unamtaka shangazi, hapa unatafuta ruhusa. Sasa mtu wa namna hiyo atamsifu mume aliyetangulia? Mwamba ngoma huvutia kwake.

Na uongo wenyewe hata hauonei haya. Bangi za chuoni anaziita sandwichi, basi tunaona watu wazima wanatafuna mkate huku macho yamelegea! Kisa cha mbuzi anakiweka siku alipotimiza miaka 30, halafu anashtuka: kumbe Robin hakuwa akiishi kwa Ted wakati huo, ilikuwa 31. Msichana aliyetoka naye kasahau jina, anamwita Blah Blah. Mimi shahidi kama huyu nisingempeleka hata kwa chifu.

Kinachoniuma ni harusi ya Barney na Robin. Karibu msimu mzima wa 9 ni wikendi moja pale Farhampton, tunahesabiwa saa hadi Robin avae shela. Talaka yao, miaka 3 baadaye, inapita kabla chai haijapoa. Mbona hapo hakuwa na maneno?

Jirani wa Section 58, Nakuru
Dada, unamwonea Ted. Ile sehemu ya watoto ya mwisho ilirekodiwa mapema, wakati wa msimu wa 2, kwa sababu wale vijana wangekua. Watunzi wa kipindi, Carter Bays na Craig Thomas, walijifunga kamba wenyewe. Kufika 2014 watu wameshampenda Barney na Robin, na mwisho uko kabatini unasubiri. Ilibidi wawaachanishe haraka. Hao ndio wa kushtaki.

Nyar Kondele
Kaka, hayo ni ya jikoni, mimi nazungumzia chakula kilichofika mezani. Aliye kwenye kochi ni Ted, na yeye ndiye anayechagua arefushe wapi na akatize wapi.

Omwana wa Kakamega
Na usiku wa kule juu ya jengo la World Wide News, kituo cha TV alikofanya kazi Robin, je? Barney anaacha karatasi ya mpango wake wa mwisho wa kutongoza, ule unaoitwa The Robin, kisha anapiga goti. Aliyemwambia dereva ampeleke Robin kule ni Ted. Kama angekuwa anataka kumchafua mwenzake, si angeuruka usiku huo? Na kuhusu wanawake, Barney mwenyewe ndiye aliyesherehekea alipolala na mwanamke wa 200. Ted hakumsingizia.

Nyar Kondele
Omwana, hapo umenibana kidogo. Lakini angalia tena: hata usiku mzuri kuliko yote wa Barney, shujaa ni nani? Ni Ted aliyejinyima. Anamwachia mwenzake Robin na kubaki na sifa. Halafu msimu wa 9, pale ufukweni, anamwachia Robin aende zake, tunalia wote, na bado anaishia chini ya dirisha lake na tarumbeta mkononi. Na yule aliyemzalia Barney binti yake Ellie? Mama huyo hana hata jina, ni Namba 31. Msimulizi gani humtaja mama wa mtoto kwa namba?

Jirani wa Section 58
Hiyo ya Namba 31 sina jibu. Ila tafuta mwisho ule mwingine uliotoka kwenye DVD. Tracy hafi, Ted hamrudii Robin, mambo yanaishia kwa mama. Ukiutazama huo, kesi yako inabaki na nini?

Nyar Kondele
Inabaki na sandwichi na mbuzi. Lakini nautaka. Jamaa wa muvi hapa Kondele ananiambia hajawahi kuusikia. Nani anao kwenye flashi?