Kutofautisha mvumo wa vali ya aota na wa vali ya mitrali

Swali: Wanataaluma wenzangu, ninaposikia mvumo (sauti ya ziada ya damu inayopita moyoni) wakati moyo unapojikaza, nitajuaje kama unatokana na vali ya aota (mlango wa damu kutoka moyoni kwenda kwenye mshipa mkuu) iliyosinyaa au vali ya mitrali (mlango kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo) inayovujisha damu?

Jibu la kwanza: Kabla ya stethoskopu, papasa ateri ya shingoni, kwa kuwa vali ya aota iliyosinyaa sana huufanya mpigo uinuke polepole na kwa udhaifu, ingawa kwa wazee wenye mishipa migumu dalili hiyo huweza kufichika. Mvumo wake hukwaruza, husikika zaidi kulia kwa kidari, upande wa juu, na huelekea shingoni. Ule wa mitrali hufululiza kwa nguvu ileile, husikika kwenye ncha ya moyo na mara nyingi huelekea kwapani.

Jibu la pili: Mgonjwa akikunja ngumi kwa nguvu, mvumo wa mitrali kwa kawaida huongezeka. Ukubwa wa sauti usikudanganye: moyo ukichoka, mvumo wa aota hufifia ilhali ugonjwa umezidi.

Muulizaji: Nashukuru. Na akiwa amewahi kuzimia?

Jibu la pili: Huyo, tafadhali, afanyiwe kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) bila kucheleweshwa.