Naomba ushauri: nataka baa yangu ya ufukweni ing'ae

Wakuu, habari za humu.

Nina baa inayotazama bahari. Mbele yote ni madirisha ya vioo na jioni jua linazama usoni kwetu. Tatizo ni ndani: dari ya mbao ya kahawia, kaunta nyeusi imejificha nyuma kabisa. Wateja wanagombania meza za dirishani, huku nyuma kumebaki kama stoo. Nawaza kuweka kioo ukuta mzima nyuma ya kaunta, stenlesi darini, na vigae vya kung'aa sakafuni. Kabla sijamwita fundi, nakosea wapi?

Seremala Mstaafu: Vigae futa kabisa. Watu wanatoka majini na miguu mibichi, utaangusha mtu wiki ya kwanza. Sakafu iwe ya kukwaruza kidogo, ila rangi ya mchanga mweupe. Mwanga wa dirishani unapiga chini kwanza ndipo unaruka juu, kwa hiyo ukipaka na dari nyeupe, hata isiyong'aa, nusu ya kazi imeisha.

Fundi Vioo: Kioo usikielekeze baharini. Jioni jua likiwa chini linaingia mpaka nyuma, linagonga kioo na kurudi kwa pembe ileile, machoni mwa aliyekaa kaunta. Kiweke kuta za pembeni. Hapo aliyeyapa maji kisogo naye anaiona bahari, na mwanga unasukumwa hadi nyuma.

Halafu chumvi. Fedha iliyo mgongoni mwa kioo huliwa kuanzia ukingoni, ukaona weusi unatambaa. Ziba kingo kwa silikoni isiyo na asidi. Ile yenye harufu ya siki inaiharibu fedha yenyewe.

Mtu wa Pwani: Stenlesi ulizia daraja la 316, ina molibdenamu inayostahimili chumvi. Mimi niliuziwa 304, haikuchukua muda ikapata madoa kama ya chai. Hata hiyo 316 ioshe kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara. Na bati lisibonyee likawa kama bakuli, linakusanya jua sehemu moja. London mwaka 2013 jengo la 20 Fenchurch Street, lenye ukuta wa vioo uliojipinda, liliyeyusha sehemu za gari lililoegeshwa barabarani. Sikutishi, lakini usicheze na jua.

Mama Taa: Wote mmeongelea mchana, baa inauza usiku! Ndani kukiwa na mwanga kuliko nje, dirisha linageuka kioo: mteja anajiona mwenyewe, bahari haipo. Shusha taa chini, chini ya kaunta na nyuma ya viti, za mwanga wa manjano, kelvini 2700 hivi (ndicho kipimo cha rangi ya mwanga, kikipanda unakuwa mweupe), zenye kupunguzika. Ukanda wa LED uweke kifuniko cheupe, la sivyo kaunta ikipigwa polishi itaonyesha vitone tupu.

Mwenye uzi: Mama Taa, jana usiku nilizima taa zote za juu nikabakiza moja nyuma ya friji. Miaka yote hii sikujua kwamba ukiwa kaunta unaziona taa za mitumbwi! Kioo nahamishia pembeni, stenlesi nabakiza ukingo wa kaunta tu. Sasa hizi balbu nyeupe za 6500 nilizokwisha nunua nizipeleke wapi?

Mama Taa: Jikoni na stoo, mkuu.