Masikio yanalia usiku kucha: redio, mashine ya kusikia au ushauri nasaha?

Fundi_Kamukunji: Wadau, nimegonga mabati Kamukunji miaka 19. Sasa masikio yote mawili yananilia, nziii, kama nyenje wakati wa kiangazi. Mchana nyundo zinaufunika mlio, nikizima taa tu, huo unaanza. Nimepimwa: nta hakuna, ila sauti nyembamba zimeanza kunipotea. Kati ya redio ya kulalia, mashine na ushauri nasaha, mngeanza na nini? Pesa inatosha jambo moja.

Mama_Umoja: Pole sana, kaka. Mimi nilianza na redio, nikakosea: niliifungulia juu mpaka mlio ukamezwa. Nikiizima, mlio unarudi kwa nguvu. Siku hizi naiweka chini kidogo ya mlio, nivisikie vyote viwili, usingizi unanichukua hapo hapo. Ila haitakusaidia kusikia watu.

Dereva_Rongai: Kama usikivu umepungua, mimi nasema mashine. Nilielezwa kwamba vinywele vya sikio la ndani vikishakufa kwa kelele havioti tena. Ubongo ukizikosa sauti zile, unajiongezea wenyewe, na ndio mlio. Siku ya kwanza kuivaa nilisikia kifuniko cha sufuria kikitetema jikoni, kitu nilichokuwa nimesahau kabisa. Mlio haukuisha, ulirudi nyuma. Bei inauma, kwa hiyo omba kuijaribu kabla ya kulipa.

Nesi_wa_Zamu: Namuunga mkono dereva, lakini ushauri msiudharau. Tiba ya mazungumzo haiuzimi mlio, inaondoa ile hofu inayokunyima usingizi, na ushahidi wake ni mzuri. Dawa ya kuuponya haijapatikana, usitupe pesa kwa matone ya mitaani. Mtajie daktari kila dawa unayomeza. Kwinini na aspirini nyingi huleta mlio. Na tafadhali vaa vizibo kazini! Kikomo cha kelele kinachoshauriwa ni desibeli 85 kwa saa 8. Zikiongezeka 3 tu, ni saa 4. Wengine mnaosoma: mlio wa sikio moja, au unaofuata mapigo ya moyo, muone daktari wa masikio mapema. Usikivu ukipotea ghafla, hospitali siku hiyo hiyo.

Fundi_Kamukunji: Asanteni sana. Zamu yangu ya chama ikifika naenda kuijaribu mashine. Jana nilishinda na vizibo, usiku redio chini. Usingizi umenichukua saa saba usiku. Wiki iliyopita ilikuwa saa kumi alfajiri.