Mwalimu anayesimamia maktaba ya shule: je, nisome uzamili wa ukutubi?

Mwalimu wa Mbale:
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili na Historia katika shule ya sekondari hapa Mbale, na kwa miaka minne sasa nimekabidhiwa pia funguo za maktaba, kazi niliyodhani ni ya kuazimisha vitabu na kuvidai tu, hadi nilipoanza kuipenda. Natamani kusoma shahada ya uzamili ya ukutubi na sayansi ya habari pale Makerere, lakini shahada yangu ya kwanza ni ya ualimu na ada nitaitoa mfukoni mwangu. Je, nianze moja kwa moja, au nitangulize stashahada?

Mkutubi mstaafu, Kampala:
Mwalimu, karibu sana. Shule ya ukutubi ya Makerere ilianzishwa mwaka 1963 ili kuihudumia Afrika Mashariki nzima, na leo imo ndani ya koleji moja na watu wa kompyuta, kwa hiyo usitarajie kusoma uainishaji na uorodheshaji peke yake.

Ninalokuhimiza zaidi ni kutafuta swali lako la utafiti kabla ya kulipa chochote, na swali hilo liko kwenye rafu zako. Katika mfumo wa Dewey, yaani mpango wa kuvipa vitabu vya maktaba namba kwa mada, uliotoka Marekani mwaka 1876, fasihi ya Kiingereza imepewa 820 nzima, ya Kijerumani 830 na ya Kifaransa 840, ilhali fasihi za lugha za Kiafrika, Kiswahili na Luganda na Lumasaba yenu, zimebanwa pamoja ndani ya 896. Riwaya ya Kiswahili hubeba 896.392 na tarakimu nyingine nyuma yake. (Nimewahi kuona lebo iliyokuwa pana kuliko mgongo wa kitabu.) Je, mwanafunzi wako huifikiaje riwaya hiyo? Mkutubi asiyefundisha lugha hawezi kulichunguza jambo hili kama wewe.

Karani wa nyaraka, Gulu:
Namuunga mkono mzee kuhusu swali la utafiti, ila kuhusu fedha niseme wazi: nilipohitimu uzamili, mwajiri wangu alinipongeza na mshahara ukabaki palepale, kwa sababu sikuwa nimeomba ahadi yoyote kwa maandishi kabla ya kuanza. Zungumza na mkuu wa shule kwanza. Kuhusu stashahada, iandikie ofisi ya chuo inayoshughulikia masomo ya uzamili, eleza shahada uliyo nayo, usubiri jibu la maandishi. Maneno ya korido yaliwahi kunipotezea muhula mzima. Wakati unasubiri, jifunze Koha, programu huria ya maktaba iliyoanzia New Zealand mwaka 2000, ambayo haidai ada ya leseni.

Mwalimu wa Mbale:
Mzee, shikamoo, na ndugu wa Gulu, asante. Nimetoka maktabani sasa hivi. Nimehesabu vitabu vya fasihi ya Kiswahili 61, na 40 kati ya hivyo vimo kwenye 400, namba ya lugha, pamoja na sarufi na kamusi. Aliyeviweka huko ni mimi mwenyewe, mwaka wangu wa kwanza. Barua ya chuo naiandika jioni hii. Kwa mkuu wa shule nitakwenda Jumatatu.