Naomba ushauri: cheni ya baiskeli iliyoganda vumbi na oili nioshee nini?

Habari zenu wakuu. Naendesha baiskeli ya gia kila siku kutoka Ihumwa hadi Dodoma mjini, na kiangazi hiki vumbi limegandana na oili kwenye cheni mpaka imekuwa kama lami. Fremu haina shida, sabuni ya maji na kitambaa vinatosha. Cheni ndiyo inanitesa. Niliisugua kwa sabuni ya unga na mswaki wa zamani, ikang'aa, kesho yake ikaota kutu. Fundi mmoja kanishauri petroli, mwingine mafuta ya taa, nami naogopa yasije yakarukia breki za diski.

Nitumie kipi bila kuharibu kitu? Na ikishakauka, niipake oili gani isiyovuta vumbi sana? Natanguliza shukrani.