Msimulizi wetu anasikika kama yumo kisimani: tufanyeje?

Daka_Mkomani
Salaam wenzangu. Tunarekodi mchezo wa sauti wa podikasti, mtindo wa noir (hadithi za giza za upelelezi): maiti imeokotwa karibu na uwanja wa Mkunguni, mpelelezi anasimulia mwenyewe. Tunarekodia chumba cha juu cha nyumba ya mawe, Lamu mjini. Tuna maikrofoni moja ya kondensa, moja ya dainamiki na kinasa sauti cha njia mbili. Simulizi inavuma, tena haitofautiki na mazungumzo. Mikeka ukutani haikusaidia. Na hiyo kondensa ikifika usiku inatatarika.

Boriti_na_Chokaa
Mkeka ni mwembamba mno, sauti nzito inaupita, inagonga ukuta na kurudi. Shida yenu ni umbo la chumba. Vyumba vya kale ni vyembamba, mita 3 hivi au pungufu, kwa sababu ya urefu wa boriti. Kuta mbili ngumu za chokaa zinatazamana. Piga kofi katikati usikie linavyotetema. Upana wa mita 2.8 huvimbisha sauti za Hz 60 na Hz 120 hivi (mitetemo kwa sekunde), na hiyo ya pili ndiyo sauti ya mwanamume.

Tafuteni magodoro mawili ya sponji, inchi 6. Yasimamisheni kwa pembe NYUMA YA MSIMULIZI, yaache sentimita 10 kutoka ukutani. Wengi huyaweka nyuma ya maikrofoni, kumbe maikrofoni inayosikia upande mmoja inaelekea mdomo pamoja na ukuta ulio kisogoni. Blanketi nzito ipite juu ya kichwa kwa kamba. Msisimame katikati ya chumba. Ukuta wenye zidaka uacheni wazi, vile vishimo huvunjavunja mwangwi.

Kutatarika ni unyevu wa bahari unaovujisha chaji ndani ya kondensa. Ihifadhini kwenye mkebe unaofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu, na muiwashe nusu saa kabla ya kazi. Msimulizi mpeni dainamiki, haina tabia hizo.

Kifuu_Kikavu
Naongeza kuhusu umbali, maana mtindo huu husimama au kuanguka hapo. Simulizi ni mawazo ya mtu, kwa hiyo mdomo uwe sentimita 8 hadi 10 kutoka kwenye maikrofoni, ukiwa kando kidogo ili "p" na "b" zisipige. Ukaribu huo huongeza uzito wa sauti, basi kateni sauti zilizo chini ya Hz 80. Asinong'one, mnong'ono ukikuzwa unabaki upepo mtupu. Aseme chini, kama anayeongea na aliyekaa naye barazani.

Mazungumzo yarekodini nusu mita, dakani (barazani mlangoni) au kiwandani (uani), BILA godoro. Mwangwi mnaoukimbia kwenye simulizi ndio utakaomwambia msikilizaji kwamba watu wamo ndani ya nyumba ya mawe. Kilele cha sauti kiwe kati ya −12 na −6 dB. Mwenye kupiga yowe arudi hatua moja na kugeuza uso, msikiguse kinasa.

Vishindo: punda ni vifuu viwili vya nazi, juu ya jiwe kwa vichochoro, kwenye sinia la mchanga kwa Shela, kijiji cha ufukweni. Punda akitembea hupiga mapigo manne, polepole. Wengi humpigia mbio za farasi. Mfupa unaovunjika ni karoti inayovunjwa ndani ya kitambaa kibichi. Mvua ni vitunguu vinavyokaangwa. Na yakhe, mpelelezi wa Lamu havai buti la ngozi, mpeni makubadhi.

Langoni_Usiku
Hayo ya godoro sawa, ila hakuna godoro linalozuia injini ya mashua. Rekodini saa nne usiku hadi saa tisa, kabla ya adhana ya alfajiri. Kusi ikivuma, chumba kinachotazama bahari hakifai. Zimeni friji na feni, simu ziwe hali ya ndegeni, kinasa kitumie betri. Chaja huleta mvumo wa Hz 50. Kila mahali mnaporekodi, chukueni sekunde 60 za kimya cha hapo, mtakuja kuzibia mapengo.

Adhana msiitie kama pambo. Msikilizaji wa huku anaisoma kama saa: mkisema ni saa sita usiku na adhana inasikika, kesi yenu imeharibika.

Daka_Mkomani
Magodoro yalikuwa mbele, kweli. Na pale simulizi inapoingia katikati ya tukio, mandhari (sauti za nyuma) tuyakate?

Kifuu_Kikavu
Msiyakate, masikio yatashtuka. Yashusheni dB 8 hivi kwa muda wa nusu sekunde kabla ya neno la kwanza, yapandisheni tena baada ya la mwisho. Mkimaliza, faili zima liwe −16 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jumla) kwa stirio au −19 kwa mono, kilele kisipite −1 dB.